Pepa la kalkulasi mwaka wa kwanza, unajiandaaje

Wadau wa mwaka wa kwanza, UE (mitihani ya mwisho ya chuo) zimekaribia na meseji zishaanza kuingia, "braza kalkulasi inasomwaje", sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja naandika hapa mara moja. Mi nilisoma uinjinia, testi wani ya kalkulasi nikapata 9 kwa 30, na hapo nimetoka PCM (fizikia, kemia na hesabu) kifua mbele najiona hesabu nazijua. Kwa hiyo haya nayosema nimeyalipia.

Tatizo langu lilikuwa dogo na ndo la wengi: nilikuwa nasoma hesabu kama nasoma historia. Naangalia solusheni kwenye desa (noti za kunakili), mstari wa kwanza naelewa, wa pili naelewa, nafika mwisho natikisa kichwa nafungua ukurasa mwingine. Usiku mzima maswali arobaini yameisha na kalamu haijaguswa. Kwenye pepa hakuna wa kukuandikia ule mstari wa kwanza, na mara nyingi mstari wa kwanza ndo swali lenyewe.

Anza wiki tatu kabla kama bado unazo. Siku ya kwanza usisolve chochote, piga hesabu ya maksi zako. Kwetu koswek (maksi za testi na kazi za kabla ya UE) ilikuwa 40 na UE 60, pasi ni 40, kwa hiyo mwenye 14 za koswek alihitaji 26 kwa 60, na ukishaijua hiyo namba presha inashuka kidogo maana unaona kabisa sapu (kurudia mtihani) iko mbali kiasi gani. Afu tafuta pasti pepa za miaka minne mitano, steshenari za nje ya geti huwa wanazo, chora jedwali, topiki upande mmoja na miaka juu, weka tiki kila topiki ilipotoka. Kwetu limiti, cheni ruli na intigresheni bai patsi hazikukosa hata mwaka mmoja. Ila kama mwalimu amebadilika angalia zaidi tyutoriali shiti zake, pasti pepa za mwalimu mwingine zinaweza kukupoteza vizuri tu.

Kusolve sasa. Chukua swali moja, simu iwe mbali (mbali kweli, siyo imelala kifudifudi mezani), karatasi nyeupe, dakika kumi na tano. Ukikwama, funika solusheni na karatasi, shusha mstari mmoja tu, ukiona njia funika tena uendelee mwenyewe. Zile app unapiga picha swali linajisolve zitumie kuhakiki jibu baada ya kumaliza, kabla ya hapo zinakurudisha kwenye ugonjwa wangu wa kutikisa kichwa. Halafu kesho yake asubuhi, kabla ya kugusa kitu kipya, lirudie lile swali lililokukwamisha tangu mwanzo bila kuchungulia. Ukishindwa, hulijui bado, hata kama jana ulimwelekeza rumeti wako.

Uwe na kadaftari ka makosa. Kila unapokosa andika umekosa nini hasa, kwa mstari mmoja. Mi baada ya wiki moja nilisoma changu nikacheka mwenyewe, yaan kalkulasi yenyewe ilikuwa inanikosesha mara chache sana, kilichokuwa kinaniua ni aljebra ya sekondari: kupoteza alama ya kutoa, kugawanya juu na chini vibaya, na lile kosa la aibu la kuandika kipeuo cha pili cha (x² + 9) kuwa ni x + 3. Weka x = 4 uone, ndani unapata 25, kipeuo chake 5, wakati x + 3 inakupa 7. Kwa hiyo nyie wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) mliosoma BAM (hesabu ya msingi) msijione wanyonge mbele ya watu wa Advance (hesabu kamili ya kidato cha tano na sita), mkiinyoosha aljebra mnawapita, nimeshuhudia.

Maswali yanayoangusha wengi ni yale ya maneno, ngazi inateleza ukutani, tangi linajaa maji. Tuchukue ngazi ya mita 5, mguu wake unateleza kutoka ukutani kwa mita 0.5 kwa sekunde, unaulizwa juu inashuka kwa kasi gani pale mguu ukiwa mita 3 kutoka ukutani. Mtu anaona 3 anaichomeka palepale, anapata 9 + y² = 25 (x ni umbali wa mguu kutoka ukutani, y ni kimo cha ncha ya juu), anadifarenshieti, ile 9 inakuwa sifuri, na jibu linamwambia ngazi haisogei. Haisogei kwa sababu ameigandisha mwenyewe! Andika kwanza x² + y² = 25 na herufi zake, difarenshieti kwa muda upate 2x(dx/dt) + 2y(dy/dt) = 0, hapo ndo uingize namba: x ni 3, y ni 4, dx/dt ni 0.5. Unapata dy/dt = −0.375, yaani juu inashuka mita 0.375 kwa sekunde. Na chora mchoro hata kama unajiona unajua, mchoro ndo unakukumbusha kwamba y ni 4.

Halafu kuna L'Hôpital, mwenye kanuni ya kutafuta limiti kwa kudifarenshieti juu na chini, ambaye kila mtu akishamjua anataka amtumie hadi kwenye chai. (Kanuni ilitoka kwenye kitabu chake cha mwaka 1696 ila aliyeigundua ni Johann Bernoulli, ambaye L'Hôpital alikuwa anamlipa ili amfundishe na ampe ugunduzi wake, kwa hiyo kununua madesa hakukuanza na sisi.) Kabla ya kumtumia chomeka namba kwanza uone kama inatoka 0/0 au infiniti juu ya infiniti. Mfano (x + 1)/(x + 2), x ikienda 0: ukichomeka unapata 1/2 na swali limeisha. Mwenye haraka anadifarenshieti juu na chini anapata 1/1, anaandika 1, maksi zimeondoka na hajui zimeondokaje.

Pruvu za epsiloni na delta (za kuthibitisha limiti) zinatisha kwa sababu Advance hatukuzigusa, lakini zile za mstari mnyoofu zina mtindo mmoja tu. Kupruvu kwamba 3x + 1 inaenda 7 x ikienda 2, toa 7 upate 3(x − 2), kwa hiyo delta ni epsiloni gawanya kwa 3, andika maelezo yake vizuri umalize. Jifunze tano sita za hivyo, inatosha.

Diskasheni iwe ya watu wanne, wakizidi inakuwa kijiwe. Kila mtu aje na swali alilokwama, na anayejua asimame ubaoni aelezee, wengine wamkatize kwa "kwa nini" kila mstari. Ukimkuta mtu anajibu "we kariri tu hivyo" ujue na yeye hajui.

Wiki ya mwisho piga pepa zima mara mbili, masaa matatu, bila kuinuka, bila desa. Masaa matatu ya kuandika yanachosha mkono na akili, bora uchovu huo ukukute hosteli kuliko kwenye hall. Usiku wa mwisho soma kadaftari ka makosa tu, ulale. Mi nimeshawahi kukesha na kahawa hadi alfajiri, pepa la saa mbili asubuhi nikaintigreti 1/x nikapata x⁰/0 na nikaiangalia dakika nzima bila kuona shida.

Asubuhi angalia kalkuleta yako iko radiani. Njia ya haraka: sin(0.1) gawanya kwa 0.1, ikitoka 0.998 uko sawa, ikitoka 0.0174 uko kwenye digrii na majibu yako yote ya trigo yatakuwa uongo. Ukipewa pepa lisome lote kwanza, anza na unalolijua, na usifute kazi unayodhani imekosewa, pitisha mstari mmoja juu yake tu, maana maksi za njia zipo na mara nyingine ulikuwa sahihi. Ukibaki na dakika kumi rudi kwenye intigresheni, difarenshieti jibu lako uone kama linarudi kwenye swali, na pale ambapo intigrali haina mipaka hakikisha umeweka + C. Mwalimu wetu alikuwa anakata nusu maksi kwa kila C iliyosahaulika, na kwenye pepa langu la testi zilisahaulika nne.