Maji Yakishapungua: Ujenge Palepale au Uhame?

Mimi ni fundi mwashi hapa Ahero, karibu na Kisumu, Kenya. Masika yakipita, simu ya kwanza huwa ni ya kuniuliza itaenda mifuko mingapi ya simiti. Simiti baadaye. Kwanza tafuta msumari na tepu ya kupimia.

Ingia ndani kabla hujaosha kuta. Utaona mstari wa tope, rangi ya chai ya maziwa, umezunguka chumba chote. Piga msumari hapo, upime mpaka sakafuni. Kwa mama yangu ilikuwa futi mbili na inchi tatu, juu ya godoro. Kisha muulize mzee aliyekaa hapo miaka mingi maji ya nyuma yalifika wapi. Kama alama yake imepita yako, fuata yake.

Halafu ujue ni maji gani yaliyokuingilia, maana hapa ndipo wengi hukosea. Mto Nyando huteremka kutoka milima ya Nandi, hutapakaa uwanda wa Kano, kisha maji huondoka na kuacha tope. Hayo unaweza kuishi nayo ukiinua msingi. Ziwa halina haraka ya kurudi. Ziwa Victoria lilipopanda 2020, wa ufuoni walikaa miezi wakingoja ua wao uonekane. Nakuru nako, upande wa Mwariki, ziwa limemeza nyumba za watu. Kama ni ziwa, nakusihi usijenge hapo.

Wengine huniambia, mbona New Orleans, kule Marekani, walijenga tena? Kimbunga Katrina kilipiga Agosti 29, 2005, asilimia 80 ya mji ikazama, wakafa zaidi ya watu elfu moja. Lakini French Quarter, mtaa wa kale ulio kwenye mwinuko kando ya mto Mississippi, sehemu kubwa haikuguswa. Mitaa iliyo chini ya usawa wa bahari ilijaa kama karai kuta za mifereji zilipobomoka, na maji yakapigwa pampu wiki kadhaa. Baadaye serikali yao ilimwaga zaidi ya dola bilioni 14 kwenye kuta na pampu. Wewe huna pampu hizo, una tuta la udongo tu la kuzuia mto; basi nenda ukalitazame kwa miguu. Tafuta njia za ng'ombe, mashimo ya panya, mahali watu wamechota udongo. Maji huanzia hapo.

Ukiamua kujenga, ngoja ardhi ikauke. Udongo wetu mweusi huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka. Nilimharakishia mama nyumba baada ya wiki tatu. Kufikia Januari ufa ulikuwa unaingiza kidole changu, na bado naumia nikiukumbuka. Chimba uuondoe huo mweusi, ujaze maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, ushindilie. Sakafu mpya ipite alama ya maji, na soketi za stima ziwe juu zaidi. Choo kiwe pahali palipoinuka, mbali na kisima.

Alama ikipita dirisha, shamba libaki la mpunga, ila watoto walale kwingine.

Mama alikataa kuhama kwa sababu kaburi la baba liko pale. Sikubishana naye. Nilibomoa, nikamjengea upya, sakafu futi nne kutoka uwanjani, ngazi za mawe pana ili magoti yasimsumbue.