Kipanya au kibodi? Namna ya kuamua unapobuni programu

Swali la "programu hii iwe ya kipanya au ya kibodi?" halina jibu. Amua kazi moja moja.

Hatua ya 1. Orodhesha kazi, kisha tazama mikono ya mtumiaji iko wapi kila kazi inapoanza. Anayejaza fomu mikono yake iko kwenye kibodi. Anayepanga picha ameshika kipanya. Amri iweke palepale mkono ulipo.

Hatua ya 2. Piga hesabu. Mwaka 1980 watafiti Card, Moran na Newell walichapisha makadirio ambayo bado nayategemea: kubonyeza kitufe sekunde 0.2, kulenga kwa kipanya 1.1, kuhamisha mkono kati ya kibodi na kipanya 0.4. Sasa chukua fomu ya visanduku sita. Kuruka kisanduku kimoja hadi kingine kwa kipanya ni 0.4 + 1.1 + 0.2 + 0.4, yaani sekunde 2.1. Kwa Tab, kitufe cha kibodi kinachokupeleka kisanduku kinachofuata, ni 0.2 tu. Miruko ni mitano, kwa hiyo kila fomu inapoteza sekunde 9.5. Anayejaza fomu 300 kwa siku amepoteza dakika 47 hivi, na juu ya hayo bega litamuuma.

Ila Tab lazima ifuate mpangilio ambao macho yanasoma. Ikirukaruka, watu watarudi kwenye kipanya.

Hatua ya 3. Ramani, kuchora, kuburuta: kipanya. Kusogeza umbo kwa vishale pekee ni mateso, ingawa vishale vinafaa sana kulisogeza pikseli moja moja mwishoni.

Hatua ya 4. Andika njia ya mkato, yaani vitufe vya kibodi vinavyotoa amri hiyo, kando ya jina la amri kwenye menyu. Mgeni ataanza kwa kubofya, na akizoea atahamia mwenyewe. Ctrl+C (kunakili) na Ctrl+Z (kutengua) usiziguse; vidole vya watu vimeshazikariri.

Hatua ya 5. Chomoa kipanya, ufanye kazi yote kwa Tab, Shift+Tab, Enter na Esc. Wasioona wanaotumia visoma skrini, programu zinazosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, hufanya hivyo kila siku. Kosa la kwanza utakalokutana nalo huenda likawa mstari unaozunguka kitufe cha skrini kilichochaguliwa: mbunifu kauondoa kwa sababu eti unaharibu sura, na sasa hujui uko wapi. Urudishe. Kisha fungua kidirisha chochote na ukifunge kwa Esc. Uteuzi urudi kwenye kitufe kilichokifungua, usitupwe juu kabisa ya ukurasa.