Mtoto aliyepona saratani ya damu: karatasi ya kurudi nayo nyumbani

Matibabu yakimalizika Muhimbili, msipande boti kurudi Unguja au Pemba bila muhtasari wa matibabu. "Amepona, alhamdulillahi" haimtoshi daktari atakayemwona miaka 20 ijayo.

Daktari aandike kila dawa na jumla ya dozi, kwa miligramu kwa kila mita mraba ya mwili. Kama alipigwa mionzi, wapi na kiasi gani. Kazania dawa mbili za saratani, doksorubisini na daunorubisini: hudhoofisha msuli wa moyo kimyakimya, pengine baada ya miaka mingi. Mwambie azijumlishe kwa kipimo cha doksorubisini. Jumla ikifika 250, moyo upimwe kwa ultrasaundi kila miaka 2. Kuanzia 100, kila miaka 5. Kipimo cha umeme wa moyo peke yake hakitoshi, maana hakionyeshi nguvu ya kusukuma damu. Binti akishika mimba, aonyeshe karatasi mapema. Moyo upimwe ndani ya miezi 3 ya mwanzo.

Akianza kuchechemea au kulalamika nyonga, msiishie kumchua mafuta ya karafuu. Deksamethasoni na prednisoloni, dawa za steroidi za matibabu hayo, huweza kuua mfupa, anahitaji picha ya nyonga hospitalini.

Karatasi yenyewe ipigwe picha, kisha itiwe kwenye plastiki. Mchwa hawachagui.