Kabla Hujanunua Subaru WRX Iliyotumika Iwe Gari la Kila Siku

WRX inatamanisha, na sioni ubaya wa kuitaka. Ila anza na njia yako ya kila asubuhi. Anayetoka Kimara kwenda Posta, Dar es Salaam, muda mwingi yuko kwenye foleni, anakanyaga klachi nzito na kuachia, gari likisogea hatua mbili. Kama goti limeshaanza kulalamika, tazama WRX S4 iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2014. Hiyo ni otomatiki, giaboksi yake ni CVT, yaani inayotumia mkanda badala ya gia za kawaida. Fikiria na matuta ya mtaani kwenu, maana bampa la mbele liko chini.

Mafuta nayo yanataka hesabu. Injini hii ya turbo imetengenezewa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya Japani ni okteni 96 kwenda mbele; okteni ni kipimo cha mafuta kuhimili mgandamizo bila kulipuka ovyo. Petroli ya kawaida ya huku haifiki hapo. Ukiilisha turbo okteni ndogo, injini huanza kugonga, kompyuta inachelewesha cheche ili kuikinga, na zile nguvu ulizolipia zinapungua. Ukiendelea kuikamua hivyo, pistoni zinaumia. Kwa hiyo ujue kituo chenye mafuta mazuri kiko wapi na bei yake ikoje kwa mwezi mzima.

Kwenye ukaguzi usiwe na haraka kabisa. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini ya Subaru husema ukweli ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu maana yake inakula oili. Moshi mweupe usiokatika, huku maji ya rejeta yanapungua, unaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Ukisikia mlio wa kugonga kutoka chini unaofuata mwendo wa injini, hiyo ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki. Ondoka, hata kama bei inavutia. Zikishapita hizo, fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Fundi huyo umtafute na kumlipa wewe, asiletwe na muuzaji.

Injini ya EJ20, iliyomo kwenye WRX nyingi za zamani na STI (toleo kali zaidi la WRX) za soko la Japani, inatumia mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Hakuna risiti? Chukulia haujabadilishwa, na gharama yake ikatwe kwenye bei. S4 inatumia cheni, hivyo hapo una nafuu.

Mimi naliogopa zaidi gari lililochezewa kuliko lenye kilomita nyingi. Ekzosi kubwa, programu ya kompyuta iliyobadilishwa bila mtu kujua nani aliibadilisha, valvu ya turbo inayopuliza nje kwa mlio: vyote vinakuambia jinsi lilivyoendeshwa. Kama linatoka Japani, omba karatasi ya mnada, ambayo wakaguzi wa mnada huandika hali ya gari. Daraja R ni gari lililopata ajali likatengenezwa, na XX kwenye mchoro ni sehemu iliyokwisha kubadilishwa.

Tazama matairi yote manne. Gari hili linavuta miguu yote, kwa hiyo tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika hulazimisha difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kufanya kazi wakati wote hadi ife. Likipasuka moja, mara nyingi utanunua manne. Kama bajeti yako haiwezi kubeba hilo kwa ghafla, subiri kwanza.

Ukiagiza mwenyewe, pitia kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla ya kulipa, kwa kuwa umri wa gari na ukubwa wa injini hubadilisha ushuru. Ukinunua hapa nchini, linganisha namba ya chesisi na injini na zilizo kwenye kadi. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, usitoe advansi.