Milioni ya parishi na shamba lako la mahindi

Ndugu zangu wakulima wa Bweyale, hapa Uganda, mkopo wa PDM, mpango wa serikali wa kuendeleza parishi (eneo dogo la utawala, si la kanisa), ulioanza 2022, hufika shilingi milioni 1 kwa kaya, riba asilimia 6 kwa mwaka. Ingia kwenye kikundi mapema. Pesa ikichelewa, panda ulicho nacho. Mvua haisubiri ofisi.

Mbegu za bure zijaribu kwanza. Mimi hufunga punje 10 kwenye kitambaa chenye maji, nikakilowesha kila asubuhi, siku ya tano nikafungua. Zisipochipua 8, sizitii shambani, hata nikibembelezwa. Longe 5, aina ya mahindi isiyo chotara, waweza kuhifadhi mbegu yake. Chotara, yaani mbegu ya kuchanganya aina tofauti, nunua upya kila msimu.

Na tafadhali, usiuze mahindi mabichi kwa hofu ya deni! Yaanike kwenye turubai mpaka punje ikiumwa ivunjike kwa mlio.