Pikapu ya petroli kutumia ethanoli: anza na dumu, kabureta baadaye

Dar hupati kituoni pampu ya E85 (petroli iliyochanganywa na ethanoli hadi asilimia 85). Ethanoli unainunua kwa dumu, kwa hiyo kwanza ujue dumu lina nini. Spiriti ya asilimia 95 ina maji, na ukiichanganya na petroli maji hayo yanaweza kujitenga, yakachukua na sehemu ya ethanoli, yakatulia chini ya tangi, hapohapo pampu inapovuta. Pima: petroli mililita 70, ethanoli 30, kwenye chupa ya kioo. Funga, tikisa, acha mpaka asubuhi. Ikiwa angavu, endelea. Ukiona ukungu au matabaka mawili, rudisha dumu. Unyevu wa pwani nao haulali: usiache dumu wazi, wala gari kukaa wiki kadhaa tangi likiwa nusu.

Lenga E30 tu. Tangi la lita 60 ni ethanoli lita 18 na petroli 42. Injini itataka mafuta zaidi kwa takriban asilimia 12, na EFI (injini inayopimiwa mafuta na kompyuta) yenye sensa nzima ya oksijeni kwa kawaida hujirekebisha. Panda polepole, E10, E20, ndipo E30, na kila hatua fundi asome kwenye mashine kompyuta ya gari inaongeza mafuta kiasi gani. Ikiwa karibu asilimia 10, sawa. Ikikaribia 20, au taa ya cheki injini ikiwaka kwa msimbo P0171 (mafuta ni kidogo kuliko hewa), rudi nyuma. E85 inataka takriban asilimia 40 zaidi: injekta kubwa, pampu yenye nguvu na seti ya vifaa yenye sensa ya ethanoli. Kuimwaga tu tangini ni kuunguza valvu ukibeba mzigo.

Kabureta, kama ya Hilux yenye injini ya 22R, haijirekebishi. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanasikia asilimia 12, wanatanua kwa 12 kipenyo cha jeti (kitundu kinachopitisha mafuta). Mafuta hufuata eneo la tundu, si kipenyo, hivyo inatosha takriban asilimia 6. Jeti ya mm 1.10 iwe 1.17. Toboa jeti nyingine ya akiba kwa kekee ndogo ya mkono, ya zamani itunze. Kisha angalia plagi: nyeupe, mafuta ni kidogo, nyeusi yenye masizi, yamezidi, hudhurungi ndiyo unayoitaka.

Mipira ya kawaida ya kupitishia mafuta huvimba kisha hupasuka. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani taka mpira ulioandikwa SAE J30R9, na oringi za viton (aina ya mpira unaostahimili mafuta). Kaa na filta ya akiba garini: ethanoli huosha uchafu uliogandia tangini kwa miaka, filta inaziba, na utajua pale gari linapokosa pumzi ukipanda flaiova ya Tazara na mzigo.

Changanya nje, mbali na jiko na sigara, kizimamoto cha unga kikiwa karibu. Mwali wa ethanoli mchana hauonekani vizuri. Tena usiuzie jirani, biashara ya mafuta inataka leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji.

Bei: lita ya ethanoli ina nishati ya takriban theluthi mbili ya lita ya petroli. Muuzaji akitaka zaidi ya theluthi mbili ya bei ya petroli, huokoi kitu.