Mchague mtu mmoja
Vijana wenzangu wa Arusha, ukiona konda anamsukuma mwanafunzi asipande kifodi (daladala ndogo) usiishie kupiga kelele "jamani msaidieni", hapo kila mtu anamwachia mwenzake na mtoto anabaki chini na begi lake. Mwangalie mmoja machoni umwambie, "kaka wa jaketi la bluu, mshikie dogo mlango apande". Wanasaikolojia Darley na Latané walishaonyesha tangu 1968, watu wakiwa wengi kila mmoja anajiona hahusiki, sasa ukimtaja anajua ni yeye, na akishainuka mmoja wengine nao wanaanza kuongea, inafanya kazi kweli. Ila usimchague mpiga debe, huyo yuko upande wa konda, na kama kuna mlevi au kisu acha mabishano, mtoe mtoto pembeni upige 112.